Neno Moja la Mzee Kola

Mume wangu aliimba neno moja tu maishani mwake, na kwa neno hilo akanioa. Sitanii. Wengine huolewa kwa sura, wengine kwa mahari nono, wengine kwa kuchoka kusubiri. Mimi niliolewa kwa "Zima!"

Mume wangu ni dobi. Watu wanamwita Mzee Kola, kwa sababu kola ikitoka mikononi mwake inasimama yenyewe, hata mwenye shingo akiwa amelegea. Chumba chetu cha mbele ndicho duka. Kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka nyeupe juu yake, kamba nne kutoka ukuta hadi ukuta, ndoo ya wanga na pasi mbili: moja iko kazini, nyingine inapoa. Kila nguo inayoingia anaitia alama ya uzi mwekundu ndani ya pindo. Mishono miwili ni ya mwalimu, mitatu ni ya mwenye duka la dawa, minne iliyopinda ni ya yule jirani asiyelipa. Mtu huyu hakumbuki siku niliyozaliwa, lakini muulize doa la shati la mteja wa miaka ishirini iliyopita, atakuambia lilikuwa upande gani na lilitokana na nini. Na kuna jambo moja alilojivunia kuliko yote, kwamba hajawahi kuunguza nguo ya mtu. Kwa hilo nilimpa heshima yake, maana miaka thelathini na minane sijasikia harufu ya kitambaa kilichoungua nyumbani mwangu.

Sasa, kabla sijamjua, alikuwa dobi wa bendi. Walikuwa wanavaa suruali nyeupe wale, tena nyeupe ya kuumiza macho, na kila waendako yeye yuko nyuma na pasi yake. Siku walipokwenda kurekodi, aliingia nao. Ndipo ukatoka ule wimbo. Jina lake la kwenye jalada hakuna anayelikumbuka, kila mtu anauita wimbo wa Zima. Kwenye ubeti wa pili mwimbaji analalamika, "Umeondoka na kibiriti, moto umeniachia," halafu kwa mbali inaingia sauti nyingine, kali, ya mtu anayekufa kwa mapenzi: "Zima! Zimaaa!" Hapo ngoma zinachachamaa na wewe uliyekaa unajikuta umesimama. Sauti ile ni ya mume wangu. Kwenye jalada wameandika, "Kilio: Kola."

Mimi wakati huo nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi ya maji. Siku moja nilipeleka mapazia ya bosi kufuliwa, nikaandikisha jina la ofisi. Dobi akaniona, akasimamisha pasi, akanitazama weee, mpaka nikajikagua kama nimechafuka.

"Dada, unaujua wimbo wa Zima?"

"Nani asiyeujua?"

"Ile sauti ni yangu."

"Na mimi ni malkia. Mapazia yatakuwa tayari lini?"

"Siku ile tunarekodi ulipita nje ya ukumbi," akasema. "Ulivaa gauni la bluu. Kifungo cha tatu kutoka juu si ndugu yao wale wengine. Nilipokuona moyo uliwaka, nikapiga kelele bila kujijua."

Loo! Gauni la bluu nilikuwa nalo. Kifungo cha tatu nilikuwa nimekishona mwenyewe, kweli hakikufanana na wenzake, na nilikuwa naficha kwa mtandio. Nani angejua jambo hilo kama hakuniona kwa macho yake? Miezi mitatu baadaye nilikuwa mke wa dobi.

Mtu mmoja tu hakuamini, na huyo ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Kila wimbo ule ukipigwa redioni nami nikitabasamu kidogo, yeye anaguna. "Mh! Wewe uwe moto? Mdogo wangu hapigi kelele hata akikanyagwa." Miaka yote hiyo anaguna. Nami namwacha, kwa sababu redio iko upande wangu.

Niseme kweli, jambo hili halikuwa mchezo kwangu. Sikuwa mzuri wa kugeukiwa njiani. Sikusoma sana, sikusafiri, nimezaa wanne na nimefua soksi za mji mzima. Lakini nilikuwa nao wimbo. Kuna wanawake wazuri wangapi ambao hakuna mtu aliyewahi kuwapigia kelele? Ukiniondolea Zima ile, nabaki mke wa dobi tu. Nilikuwa naogopa hilo hata kabla sijajua kama lipo la kuogopa.

Basi, asubuhi moja akaja mama mmoja wa kamati, amevaa miwani mikubwa na amebeba mafaili. Gari la zimamoto la mji wetu lilikuwa limekufa. Kila mtu analijua, lilikuwa linasukumwa kwenda kwenye moto na likifika moto umeshajizimia wenyewe. Kamati ikaamua kuchangisha, na wasanii tisa wakubwa wa siku hizi wakakubali kuimba bure nyimbo za zamani ili santuri iuzwe na gari linunuliwe.

"Na wimbo wa kwanza," akasema yule mama, "ni wa Zima. Mnaona lakini? Zima, zimamoto!" Akacheka peke yake. "Tatizo, kila mmoja kati ya wale tisa anataka yeye ndiye apige kile kilio. Wamegombana mpaka wawili hawasalimiani. Nikasema, yaishe. Mwenye neno lake yuko hai, aje alipige mwenyewe."

Nilikaribia kumbusu. Mume wangu akasema, "Sauti imezeeka."

"Haijazeeka," nikasema mimi. "Atakuja."

Kuanzia siku hiyo mume wangu akawa si yule. Alifua shati moja mara tatu. Alitia wanga kwenye taulo la watu, likasimama kama mlango. Nikimuuliza anasema, "Tusiende, mama watoto. Mambo ya zamani tuyaache yalale." Mimi nikadhani ni unyenyekevu. Nikajisemea, mtazame, mtu ana sifa na hazitaki! Nikanunua blauzi mpya. Na kwa ujinga wangu mwenyewe nikampelekea wifi taarifa, ili aje asikie kwa masikio yake.

"Nitakuja," wifi akasema. "Siwezi kukosa."

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Kuna chumba cha kioo ambamo mtu anaimba, na huku nje kuna kochi, spika na meza yenye vifungo kama mia na kipaza sauti kidogo cha kusemea na aliye ndani ya kioo. Kwenye vifungo alikaa fundi mitambo, mwanamume mnene mpole asiye na neno. Miaka kumi kazi yake anaifanya kwa amri mbili tu. Wakimwambia "washa", anawasha. Wakimwambia "zima", anazima.

Mmeshaona tatizo liko wapi. Sisi hatukuliona.

Wasanii tisa walisimama wote walipotuona. "Shikamoo mzee! Shikamoo mama! Shikamoo bibi!" Hiyo ya bibi ilikuwa ya wifi, na mimi sikuwasahihisha. Mmoja wao, kijana mwenye minyororo, suruali yake ilikuwa imechanika magoti yote mawili. Mume wangu akamvuta kando. "Mwanangu, ivue nikushonee, dakika tano tu." Kijana akaeleza kwamba imenunuliwa hivyo. Mume wangu akaniangalia, akaiangalia suruali, akakaa chini.

Wakamwingiza kwenye kioo, wakamvisha yale ya masikioni. Wimbo ukaanza. Wenyewe walishaimba sehemu zao, na jamani, waliimba vizuri, isipokuwa mmoja aliyelizungusha neno "kibiriti" mpaka njiti zikamwagika zote. Ukafika ubeti wa pili. Mume wangu akafunga macho, akapanua kifua.

"Zima!"

Fundi akazima.

Wimbo ukakatika. Mama wa kamati akamwangalia fundi. Fundi akasema, "Si amesema zima?"

Wakacheka, wakaanza upya. "Umeondoka na kibiriti, moto umeniachia..."

"Zima!"

Wimbo ukakatika tena. "Samahani," fundi akasema, "mkono umekwenda wenyewe."

Mara ya tatu alijizuia, akakalia mikono yake, lakini mume wangu alipopiga kelele yule fundi akaruka na kubonyeza kwa kiwiko. Mama wa kamati akavua miwani. "Sikiliza wewe. Kuanzia sasa mtu yeyote akisema zima, usizime. Hata nikisema mimi. Hata jengo likiungua. Umenielewa?" Fundi akasema ameelewa, akafumbata mikono kifuani.

Sasa mashine haikuzimwa, lakini sauti nayo haikuwa yenyewe. Mara ya nne mume wangu alisikika kama mtu anayemwambia mtoto azime taa kabla ya kulala. Mara ya saba kama anaomba radhi. Nilikuwa nimekaa pale na blauzi yangu, jasho linanitoka. Wifi akasogea sikioni mwangu, akaguna, "Mh. Moto umekuwa majivu."

Hapo ndipo binti mmoja wa wale wasanii, mtoto mzuri mwenye adabu zake, akanigeukia. "Mama, labda ukitusimulia ilivyokuwa, na mzee atakumbuka. Wanasema ule moto ulikuwa wewe?"

Nilikuwa nasubiri swali hilo tangu asubuhi. Tangu miaka thelathini na minane, niseme. Nikaweka mkoba pembeni, nikaanza. Nikawapa ukumbi, nikawapa gauni la bluu, nikawapa kifungo cha tatu, na mwendo wangu wa siku hizo nikawaonyesha hatua mbili tatu. Binti akaweka mkono kifuani. Yule wa minyororo akasema, "Hayo ndiyo mapenzi sasa." Hata fundi aligeuza kiti. Nikamtupia wifi jicho.

Kumbe fundi hakuwa amezima chochote, kama alivyoagizwa. Kila nililosema lilikuwa linaingia masikioni mwa mume wangu.

"Mke wangu," ikasema sauti kubwa kutoka kwenye spika. "Basi. Imetosha."

Tukageuka wote. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

"Haikuwa gauni," akasema. "Ilikuwa suruali."

"Suruali ya nani?" wifi akadakia.

"Ya mwimbaji."

Kwa muda kidogo chumba kizima kilielewa vibaya. Mume wangu akaona, akaharakisha. Suruali nyeupe ya mwimbaji, akasema, ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na wakimaliza kurekodi walikuwa wapige picha ya jalada. Kwa hiyo mwimbaji aliimba wimbo ule wa mapenzi akiwa na bukta, na yeye yuko korido ananyoosha suruali. Soketi ilikuwa moja tu, ndani ya ukumbi, miguuni kwa mpiga ngoma, na waya wa pasi umepita mlangoni. Wimbo ulikuwa mtamu. Akaacha pasi juu ya suruali, akaenda mlangoni asikilize ubeti mmoja tu. Akasikia harufu.

"Kwa kuchanganyikiwa, badala ya kukimbilia pasi, nikamwambia mpiga ngoma zima. Azime pasi. Yeye akadhani namchochea, akaongeza ngoma. Nikarudia zimaaa. Akaongeza tena. Suruali ikatoboka kitako. Ndiyo maana ile picha inaishia kiunoni."

Wifi alianza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, halafu ikatoka.

"Na gauni?" nikauliza.

"Gauni nililifua. Shangazi yako alilileta na mashuka, akanitajia kwamba mwenyewe ni karani wa ofisi ya maji, na wimbo wakati huo umeshatoka miezi sita. Sikuwa nakujua, mke wangu. Nilikudanganya."

Nilitamani sakafu ipasuke nitue kwenye matairi. Wale wasanii, watoto wa kuzaa mwenyewe, wananiangalia kwa huruma, na hakuna kitu kibaya kama huruma ya mtu mwenye miwani ya jua. Na mume wangu, mtu ambaye nyumbani hutoi neno kwake bila kulivuta kwa ndoana, sasa amepata kipaza sauti na hanyamazi! Akasema hata ile suti aliyokuja nayo kwa baba yangu ilikuwa ya mteja. Akasema hata viatu. Akafungua mdomo aseme na la tatu, na wifi ameshika kochi machozi yanamtoka kwa kucheka.

Nikamgeukia fundi. "Zima," nikamwambia. "Zima hiyo mashine."

Fundi amefumbata mikono. Ananiangalia kwa masikitiko, lakini ameshaagizwa.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima! Zimaaa!"

Nilipiga kelele ile kwa gauni la bluu, kwa kifungo, kwa wifi, kwa soksi zote nilizofua. Kioo kilitetemeka. Kisha nikachukua mkoba wangu, nikashuka ngazi, nikarudi nyumbani kwa miguu, na ile blauzi mpya.

Wiki tatu sikusema na mume wangu isipokuwa "chakula" na "mlango". Alipiga pasi kimya, na mimi nilikunja nguo kimya, upande wangu wa meza. Siku ya ishirini na mbili uvumilivu ukanishinda.

"Kwa nini lakini? Ungeniambia tu unanipenda, ningekufa?"

Hakuinua macho kutoka kwenye shati. "Kile kifungo," akasema. "Nilikiona napiga pasi. Hakikufanana na wenzake, lakini mwenye gauni alikishona na uzi umepita mara kumi au kumi na mbili, na kwa ndani akaumalizia kwa fundo dogo safi ambalo hakuna atakayeliona. Mimi nimeona vifungo vingi. Nikasema, huyu mtu nikimpata, basi. Na nilikuwa sijamwona hata uso. Ningekuambiaje? Nani anamtongoza mwanamke kwa fundo? Ungenicheka. Wimbo watu walikuwa wanaupenda, nikauchukua."

Nikamwambia shati litaungua. Halikuungua.

Kumbe huku nyuma wenyewe walishafanya yao. Mashine haikuzimwa, si unakumbuka, na kelele yangu ilikuwa imeingia yote kupitia kile kipaza sauti cha mezani. Mama wa kamati aliisikiliza mara moja tu, akasema, "Hii hapa." Wakaikata, wakaiweka kwenye ubeti wa pili. Walituma mtu aje aniombe ruhusa nami, kwa hasira, nikatia saini bila kusikiliza. Wimbo ulipotoka watu walichanganyikiwa. Walisema haijawahi kusikika sauti ya mwanamke anayeungua namna ile. Kwenye jalada wameandika, "Kilio: Mke wa Kola." Wale watoto wa studio, kwa heshima yao, hawakumwambia mtu lolote.

Gari lilinunuliwa. Siku ya kulikabidhi tulialikwa kwenye uwanja wa zimamoto, saa nne asubuhi, jua kali, gari jekundu linang'aa mpaka unajiona meno. Wazimamoto walivaa sare zilizonyooshwa na mume wangu bure. Wifi alikuwa kushoto kwangu, mume wangu kulia. Mtangazaji wa redio akanisogezea kipaza sauti.

"Mama, hongera. Nchi nzima ina swali moja tu. Ule moto uliokuwa unataka uzimwe, aliuwasha nani?"

Wifi akakohoa. Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni: nilikuwa namwambia fundi azime mashine, nilikuwa nimefedheheka, basi. Lingekuwa jibu zuri. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mume wangu ilikuwa imefikia mwisho pale pale, mbele ya redio. Nikamtazama. Alikuwa anaangalia viatu vyake, anasubiri, mikono imeshuka. Nikaona kitu ambacho miaka yote hiyo sikukiona, nikiwa nimeshughulika na wimbo wangu. Mtu huyu alinifanya moto wa nchi nzima, na yeye mwenyewe hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba amewasha hata kibatari.

"Huyu hapa," nikasema. "Mume wangu. Nani mwingine?"

Watu wakapiga makofi. Wifi akafungua mdomo, akaufunga. Mtangazaji akahamia kwa mkuu wa zimamoto, wakaanza kuzungumza habari za mipira ya maji.

Mume wangu akaninong'oneza, "Kweli?"

Anajua fika. Alikuwepo, aliniona kupitia kioo kidole changu kimeelekea kwa fundi. Na bado anauliza, mzee mzima, macho yamemjaa maji.

"Kweli," nikamwambia.